Hofu Ikipita Mwilini, Huandika Nini Kwenye Damu?

Haya ni maneno ya hotuba niliyoitoa mbele ya wataalamu wa maabara, wahudumu wa afya na familia za watu wanaoishi na magonjwa ya wasiwasi. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani nimeiacha.

Ndugu mwenyekiti, wataalamu wenzangu, ndugu wauguzaji, na hasa ninyi mnaoujua wasiwasi si kwa kuusoma bali kwa kuamka nao usiku wa manane: nawasalimu nyote.

Naomba nianzie dirishani. Dirisha ninalolisema ni lile la maabara, ambako nimekaa miaka mingi nikipokea vichupa vya damu kwa mkono mmoja na kutoa karatasi za majibu kwa mkono wa pili. Siku moja alikuja dada mmoja, ambaye ameniruhusu nimtaje bila jina, akaibandika karatasi yake kwenye kioo na kuweka kidole juu ya mstari mmoja. Ulikuwa mstari wa nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazotangulia mbele kila mwili unapovamiwa, na pembeni yake mashine ilikuwa imechapa herufi ya kuonyesha kwamba idadi imevuka kiwango. “Daktari,” aliniambia, maana kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, “nimesoma kwamba hii ikipanda nina ugonjwa wa wasiwasi. Ni kweli?” Nikamwambia kwamba mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Hakuondoka. “Basi niambie wewe mtu wa maabara. Imeandikwa humu kwamba ninaogopa, au haikuandikwa?”

Ndugu zangu, imeandikwa au haikuandikwa? Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Kwanza tusimlaumu kwa kuuliza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wakiishi na magonjwa ya wasiwasi, yaani takribani watu 4 katika kila 100, na kwamba ni mmoja tu kati ya wanne hivi anayepata matibabu ya aina yoyote. Wengi wa hao waliobaki wameambiwa nini? Wameambiwa ni mawazo tu. Wameambiwa wajikaze. Mtu aliyeambiwa maneno hayo miaka kumi akiona tarakimu moja iliyovuka mpaka, tena imechapwa na mashine isiyomjua wala kumdharau, ataing'ang'ania kama aliyezama anavyong'ang'ania ubao. Anatafuta shahidi.

Na wazo lenyewe si geni kwetu tunaosema Kiswahili. Mwenye hofu tunasema roho yake iko mkononi, tumbo limemwia joto, mwili umemsisimka, moyo unamwenda mbio. Lugha iliiweka hofu mwilini kabla maabara hazijakuwapo. Wanasayansi wanaoitafuta hofu ndani ya damu wanachunguza jambo ambalo kila msemaji wa lugha hii amekwisha kulisema.

Sasa tuitazame karatasi. Kipimo tunachokiita picha kamili ya damu hufanywa na mashine ambayo mizizi yake ni hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, aliyopewa Mmarekani Wallace Coulter mwaka 1953. Werevu wake ni mwepesi kueleza: chembe za damu zinapitishwa mojamoja kwenye tundu dogo mno lenye mkondo wa umeme, na kila chembe inapopita huukwaza mkondo huo kwa kitambo kidogo sana. Idadi ya vikwazo ndiyo idadi ya chembe. Ukubwa wa kikwazo ndio ukubwa wa chembe. Kabla ya hapo mtu aliinamia hadubini akahesabu kwa jicho, mraba baada ya mraba, na nawahakikishia, mimi niliyefundishwa njia hiyo, kwamba macho humwaga machozi kabla hujafika nusu. Leo tone moja hutoa safu nzima ya tarakimu kwa dakika moja, na mafaili ya hospitali duniani kote yamejaa safu hizo. Ndiyo maana watafiti wa magonjwa ya akili wamezigeukia. Hazihitaji sindano ya ziada wala mashine mpya. Zinahitaji mtu wa kuzisoma upya.

Je, zina kitu cha kusoma? Zinacho. Nianze na chembe nyeupe, na hapa nitakaa.

Mwaka 1902 daktari Mmarekani aliyeitwa Ralph Larrabee alichapisha matokeo ya damu aliyoipima kwa wakimbiaji wa mbio ndefu za Boston. Alikuta chembe zao nyeupe zimepanda mno, kiasi ambacho daktari angekitegemea kwa mgonjwa mwenye maambukizi makali. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa wamekimbia. Chembe zote hizo zilitoka wapi kwa saa chache? Nyingi zilikuwamo humohumo. Katika mishipa yetu, sehemu kubwa ya nyutrofili hazielei na mkondo wa damu. Zimejibandika kwenye kuta za mishipa, zimetulia, na kwa kuwa sindano huchota kinachotiririka tu, hatuzihesabu. Adrenalini, homoni ya mshtuko, inapomwagika huzibandua, nazo zikaingia mtoni. Idadi inapanda bila chembe hata moja mpya kuzaliwa.

Na adrenalini haiulizi kama unakimbia kwa ajili ya medali au umekaa kitini unaogopa. Katika dakika za kwanza za hofu, limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, nazo hupanda. Kisha, kadiri saa zinavyopita, homoni ya kotisoli inashika usukani: nyutrofili zinaendelea kupanda, zikiwamo zilizoitwa kutoka kwenye uboho wa mifupa, na limfosaiti zinaondoka kwenye mkondo kwenda kujipanga katika viungo vingine. Angalieni hesabu. Mtu aliyekuwa na nyutrofili 4,500 na limfosaiti 2,250 katika kila maikrolita ya damu ana uwiano wa 2. Akipitiwa na siku nzito, nyutrofili zikafika 6,000 na limfosaiti zikashuka hadi 1,500, uwiano wake umekuwa 4. Umezidi maradufu, ilhali ukitazama kila namba peke yake, zote bado zimo ndani ya kiwango tunachokiita cha kawaida. Ndiyo sababu watafiti wanaupenda uwiano huo kuliko namba mojamoja: unakamata mwendo wa pande mbili kwa mpigo mmoja. Wengine huzidisha tena kwa idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, wapate tarakimu moja wanayoiita kielezo cha uvimbe wa mwili mzima, yaani jinsi kinga ya mwili ilivyochachamaa.

Lakini wasiwasi unaotuhusu si wa saa mbili. Ule wa kudumu, ambao kwa mujibu wa mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani lazima uwe umemkaa mtu walau miezi sita, je, nao huacha alama? Mwaka 2014 kundi la watafiti lilichapisha katika jarida la Nature Medicine kazi ambayo mimi naipenda kwa sababu waliopimwa walikuwa wenzetu. Walichukua damu ya madaktari vijana waliokuwa zamu katika chumba cha wagonjwa mahututi, wakailinganisha na damu yao hao hao walipokuwa nje ya zamu hizo. Wakati wa zamu, chembe nyeupe zilikuwa zimeongezeka. Kwa panya waliosumbuliwa wiki kadhaa waliweza kuifuata njia yenyewe: nyuzi za neva zinazofika hadi ndani ya uboho zilimwaga noradrenalini, na seli mama zikaamka na kuanza kuzaa chembe nyeupe kupita desturi. Yaani shinikizo la muda mrefu halizibandui chembe ukutani tu. Linakwenda hadi kiwandani na kuongeza uzalishaji. Nani miongoni mwenu aliyewahi kufanya zamu hizo? Naona mikono. Basi mnajua kwamba uboho wenu nao ulikuwa zamu.

Hapo ndipo penye utajiri wa jambo hili, na ndipo ninapowaelewa watafiti wanaosema kwamba njia ipo kati ya woga na uboho.

Chembe sahani nazo zina hadithi yao, na ni ya paka. Walter Cannon, mwanafiziolojia aliyetuletea fikra ya mwili unaojiandaa kupigana au kukimbia, alichunguza paka waliotishwa na mbwa anayebweka, na mwaka 1914, pamoja na mwenzake Mendenhall, alionyesha kwamba adrenalini na msisimko wa hofu huifanya damu igande haraka zaidi. Kwa nini? Kwa sababu mnyama aliyetishwa huenda akaumwa dakika inayofuata, na damu inayoganda upesi ni ulinzi. Isitoshe, karibu serotonini yote iliyomo katika damu, ile kemikali ambayo neva hupelekeana ujumbe kwayo, imebebwa na chembe sahani, nazo huivuta ndani kwa protini ileile ambayo neva za ubongo hutumia. Kwa miaka mingi watafiti walitumaini kwamba chembe sahani zingekuwa dirisha la kuchungulia ubongo. Dirisha hilo lilikuwa na ukungu mwingi; halijatupa kipimo cha kumtambua mgonjwa mmojammoja hadi leo.

Kwenye karatasi ya majibu, chembe hizo zina mstari wenye herufi MPV, yaani wastani wa ukubwa wake, na wako wanaodai kwamba ukubwa huo hubadilika kwa wenye wasiwasi. Niruhusuni hapa niungame. Katika miaka yangu ya mwanzo niliacha safu ya vichupa vya damu mezani tangu asubuhi, vile vyenye kifuniko cha zambarau, nikaenda kushughulikia jambo lingine, nikavipitisha kwenye mashine alasiri. Chembe sahani za kila mtu zilikuwa kubwa! Kila mtu! Dawa ya kuzuia kuganda iliyomo ndani ya vichupa hivyo huzifanya chembe sahani zivimbe kadiri saa zinavyosogea, kwa hiyo nilichokuwa nimekipima kwa uangalifu mkubwa ni uzembe wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo, nikisoma utafiti wenye kudai tofauti ndogo ya ukubwa wa chembe sahani, swali langu la kwanza ni moja tu: vichupa vilikaa mezani muda gani?

Chembe nyekundu nitazipitia mbiombio. Upo mstari unaoonyesha zimetofautiana kiasi gani kwa ukubwa, na baadhi ya watafiti wameuhusisha na uvimbe wa mwili na hata na maradhi ya akili. Mimi naona hoja hiyo ni nyembamba. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na kuna mambo mengi ya kuzivuruga ukubwa wake, hasa upungufu wa madini ya chuma, kabla hatujafika kwenye hofu. Lakini msizisahau; nitazirudia.

Sasa, ndugu zangu, tumeona kwamba damu huitikia hofu. Dalili ya mvua ni mawingu, wazee walisema. Je, kila wingu ni mvua?

Kwenye karatasi ya majibu, mawingu hutoka kila upande. Uvutaji wa sigara hupandisha chembe nyeupe. Unene hupandisha. Ujauzito hupandisha. Jino lililooza hupandisha. Saa ya kutoa damu ina neno, kwa kuwa kotisoli hupanda alfajiri na kushuka usiku, na limfosaiti huenda kinyume chake. Hata kusimama au kulala kabla ya sindano hubadilisha uzito wa damu. Na sindano yenyewe! Mwenye ugonjwa wa wasiwasi amekaa kwenye benchi nusu saa akisikia mlango ukifunguliwa na majina yakiitwa. Tunapomfunga mpira mkononi, je, tunapima ugonjwa wake wa miezi sita au woga wake wa dakika tano?

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Watu wengi wenye asili ya Afrika, na baadhi ya wenye asili ya Rasi ya Uarabuni, wamezaliwa wakiwa hawana juu ya chembe nyekundu zao protini iitwayo Duffy. Hali hiyo huwakinga dhidi ya malaria ya aina ya vivaksi, na pia huwafanya wawe na nyutrofili chache katika damu bila ugonjwa wowote. Fikirini basi. Ukichukua mpaka wa uwiano uliowekwa kwa watu wenye protini hiyo ukawatumia hawa, utamwona mwenye wasiwasi mkubwa kuwa mtulivu, kwa sababu tu ameanzia chini. Namba ni ileile. Mwili si uleule.

Na sasa nawaomba mfanye hesabu pamoja nami, maana hapa ndipo wengi tunapopotea. Tuseme, kwa mfano tu, tumepata kipimo cha damu kinachowatambua wagonjwa 70 katika kila wagonjwa 100, na kinachowaacha salama wazima 70 katika kila wazima 100. Tukiwalinganisha makundi mawili, tofauti itaonekana waziwazi na makala yatachapishwa kwa fahari. Sasa waingie watu 1,000 kutoka mtaani. Kwa makadirio ya watu 4 katika 100, wenye ugonjwa ni 40. Kipimo chetu kitawakamata 28 na kuwakosa 12. Wazima ni 960. Kati yao, 288 wataambiwa kwamba wanao ugonjwa. Jumlisheni: watu 316 watatoka wakiwa na karatasi ya kuwatia hofu, na wenye ugonjwa kweli ni 28 peke yao. Hawafiki hata mmoja katika kumi. Na hao 288, ambao waliingia wakiwa watulivu, wangetoka wakiwa katika hali gani?

Makundi mawili kutofautiana ni jambo moja. Kumtambua mtu mmoja aliyesimama dirishani ni jambo la pili kabisa. Narudia kwa sababu kosa hili ni tamu: makundi kutofautiana ni jambo moja, kumtambua mtu ni jambo la pili.

Wenzetu wa tiba ya akili walikwisha kuionja ladha hiyo. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake walitangaza kipimo cha damu cha kutambua sonona kali. Mgonjwa alimeza usiku kidonge cha deksamethasoni, dawa inayoiga kotisoli, na siku iliyofuata kotisoli yake ikapimwa. Kwa mzima hushuka, kwa wengi wa wagonjwa hao haikushuka. Furaha ilikuwa kubwa, na hospitali nyingi zikakipokea. Kisha majibu yakaanza kuwaumbua. Kotisoli haikushuka kwa waliopungua uzito, haikushuka kwa walioacha pombe ghafla, haikushuka kwa wazee waliopotewa na kumbukumbu. Kufikia mwaka 1987 jopo la chama cha madaktari wa akili wa Marekani lilitoa tahadhari juu ya matumizi yake. Kipimo kilikuwa cha kweli: kilipima mwili ulioelemewa. Ila miili huelemewa kwa njia nyingi.

Kwa hiyo tuzitupe tarakimu hizi? Hapana. Mimi naziona faida mbili. Ya kwanza bado iko mikononi mwa watafiti: kumfuatilia mtu yuleyule, kwa saa ileile, mwezi baada ya mwezi, alinganishwe na nafsi yake badala ya kulinganishwa na umma, ili tuone kama uwiano wake unashuka anapopata nafuu. Hiyo ndiyo kazi ningependa tuichangie sisi wa maabara, kwa kuandika saa ya kutoa damu na saa ya kupima kwenye kila fomu, jambo ambalo, tuseme ukweli, wengi wetu hatulifanyi. Ya pili iko tayari leo, na ndiyo inayonirudisha kwa dada yule.

Nilimwomba aishushe karatasi nami nikaisoma yote. Nikamuuliza kama alikuwa ametumia dawa yoyote. Alikuwa amemaliza siku chache kabla vidonge vya predinisoloni kwa ajili ya pumu, na vidonge hivyo hupandisha nyutrofili kwa njia ileile ya kotisoli. Mstari aliouwekea kidole ulikuwa umeandikwa na dawa. Lakini chini yake palikuwa na mstari mwingine wenye alama, ambao hakuutazama kwa sababu alikosoma hapakuutaja: hemoglobini yake, protini ya kubeba oksijeni iliyomo ndani ya zile chembe nyekundu, ilikuwa gramu 8.9 kwa desilita, na kwa mwanamke asiye mjamzito kiwango kikishuka chini ya 12 tunasema ana upungufu wa damu. Moyo kwenda mbio akipanda ngazi, pumzi kukatika, kizunguzungu akisimama, uchovu usioisha: yote hayo huletwa na upungufu wa damu, na yote hayo hufanana na wasiwasi kama pacha na pacha. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo huleta sura hiyohiyo. Nilimwelekeza kwa daktari na kumsisitizia asiondoke hadi amwonyeshe mistari yote miwili.

Alirudi baada ya miezi mitatu ya vidonge vya madini ya chuma. Hemoglobini ilikuwa imepanda, nyutrofili zimeshuka zenyewe, na ngazi hazimtishi tena. Usiku ulikuwa bado unamtisha. Daktari alikuwa amempa fomu ya maswali saba ambayo hutumika duniani kote tangu mwaka 2006, kila swali likihesabiwa kuanzia 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 mtu huketi na mtaalamu kwa mazungumzo marefu. Jumla yake ilikuwa 14, mazungumzo yalikwisha kufanyika, na matibabu yalikuwa yameanza.

Aliibandika tena karatasi ya damu kwenye kioo, safari hii akitabasamu. “Haya, mtu wa maabara. Sasa kila kitu humu ni kawaida. Hofu yangu imeandikwa wapi?”

Ile fomu ya maswali saba ilikuwa inachungulia kwenye mkoba wake. Nilimwonyesha kwa kidole: majibu yote yamezungushiwa duara kwa kalamu ya buluu, kwa mkono wake mwenyewe.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.